Faili ya Marehemu: Barua ya Wazi kwa Kamati za Mazishi za Eastlands

Kwa wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa kamati za mazishi Kaloleni, Makongeni, Jericho, Maringo, Bahati, Shauri Moyo, Buruburu, Umoja, Kayole, Dandora, Huruma, Mathare, Pipeline na mitaa mingine yote ya Eastlands.

YAH: MADAI YA FAMILIA BAADA YA KIFO CHA KUSABABISHWA

Waheshimiwa,

Baadhi yenu barua hii itawakuta mkutanoni, kwa maana hakuna wiki Eastlands inakosa msiba. Hema limefungwa kati ya bloku mbili, au mko ndani ya sosho. Katibu ana kaunta buku mapajani, mweka hazina anasoma jumbe za M-Pesa kwa sauti, mwenyekiti anauliza ni nani ana pikapu ya kubeba sufuria. Siku chache tu na mtakuwa mmelipa mochari, mmepata jeneza, mmekodi basi la kwenda ushago na wageni wamekula. Sijui ofisi yoyote hapa Nairobi, ya serikali au ya mtu binafsi, inayofanya mengi hivyo kwa muda mfupi hivyo, tena bila mshahara. Ndiyo maana nawaandikia ninyi. Jaji Mkuu na wabunge wana watu wengi wa kuwaandikia.

Ombi langu ni hili. Marehemu akiwa amekufa kwa kosa la mtu mwingine, iwe ni gari, mjengo, risasi, waya wa stima au uzembe wa hospitali, kamati ifungue faili ya madai usiku wa kwanza wa mkutano na imtaje mtu mmoja wa kuitunza. Kushtaki au kutoshtaki ni uamuzi wa familia. Lakini karatasi na mashahidi watakaohitajika siku hiyo ya uamuzi hupatikana wiki ya msiba, na wiki hiyo wafiwa hawana akili ya kuvitafuta. Ninyi mnayo.

Nimekuwa katibu wa kamati za namna hii kwa miaka mingi, na nimeona jinsi mambo yanavyokwenda. Tunazika vizuri. Tunasoma hesabu, tunafunga daftari, tunapiga picha, tunarudi mjini. Mwaka wa tatu au wa nne mjane anakuja kuuliza kama kuna mtu anayekumbuka namba ya ile matatu.

Swali ambalo watu huuliza kwa kunong'ona baada ya maombi ni kama familia inaweza kudai. Jibu la sheria si gumu kama tunavyolifanya. Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, ina kipimo kimoja: kama marehemu angepona, je, angekuwa na haki ya kumshtaki aliyemuumiza? Kama angekuwa nayo, kifo hakiifuti haki hiyo, bali wanaoibeba ni wale aliokuwa akiwalisha. Kwa hiyo jiulizeni: huyu mtu angeamka hospitali ya Mama Lucy mguu umefungwa plasta, angekuwa na mtu wa kumpeleka kortini? Kama alianguka mwenyewe na nduthi akiwa amelewa, barabara tupu, hapana. Kama dereva alikuwa akikimbizana na mwenzake kutoka stage moja hadi nyingine, ndiyo. Na kama makosa ni ya pande mbili, yeye kavuka Outer Ring Road huku daraja la miguu liko pale pale, na gari nalo lilikuwa linapaa, dai bado lipo. Mahakama itagawa lawama kwa asilimia na kupunguza pesa kwa kiasi cha kosa lake. Nawasihi mwache ile tabia ya kuwaambia wafiwa "lakini naye alivuka vibaya." Hiyo ni hoja ya wakili wa bima, na yeye analipwa kuitoa.

Wapo watakaosema kudai ni kuuza damu ya mtu, au ni kupingana na mapenzi ya Mungu. Nawaheshimu, ila nawaomba wavuke tu hadi Eastleigh wakaulize wazee wa Kisomali habari za diya. Pale watu wa dini huketi, hukubaliana, na familia ya aliyekufa hulipwa, wala hakuna anayesema wameuza damu. Ada ya shule ya mtoto wa marehemu haina dhambi.

Sasa, sheria inamtambua nani? Mke, mume, wazazi na watoto. Hao tu. Mtoto wa nje ya ndoa yumo, na aliyeasiliwa yumo. Kaka, dada, mjomba na shemeji hawamo, hata kama ndio waliolipia basi. Naomba wenyeviti walisome hili mara mbili, kwa sababu kamati zetu nyingi huongozwa na kaka wa marehemu, na karatasi zote hupitia kwake. Nimeona cheti cha kifo kikisafiri kwenda ushago ndani ya koti la kaka mkubwa na kisirudi, mjane akibaki na ile picha kubwa iliyowekewa fremu. Miezi ikapita anakiomba kwa simu. Kwa kaka ni karatasi ya ukumbusho, kwa mjane mwenye watoto ni ufunguo wa korti.

Kama kuna wajane wawili, na mara nyingine huyu wa pili hujulikana siku ya kutazama mwili, sheria hairuhusu kila upande uende na kesi yake. Kesi ya kifo kimoja ni moja, na majina yote ya wategemezi yanaingia humo, kila mtu apewe fungu lake. Aliyemficha mwenzake kwenye makaratasi amejitegea mtego, kwa sababu mwenzake akitokea baadaye kesi nzima inayumba. Kamati isiwe hakimu wa ndoa za watu. Iandike majina ya watoto wote na miaka yao, na jina la mama wa kila mmoja, basi.

Sheria ya pili ni Sura ya 26, ambayo inaachia mali ya marehemu, yaani mirathi yake, kudai kwa niaba yake: maumivu aliyopata kabla ya kukata roho, na maisha yaliyokatizwa. Kwa maisha yaliyokatizwa mahakama zimezoea kutoa shilingi 100,000. Mnaweza kucheka au kulia, chagueni. Pesa yenye maana iko kwenye utegemezi, na hesabu yake mtu anaweza kuifanya nyuma ya daftari la michango. Chukueni fundi wa welding wa Kariobangi Light Industries, miaka 35, ana mke na watoto, anabaki na shilingi 30,000 kwa mwezi baada ya gharama za kazi. Hakimu akiona angefanya kazi miaka 20 zaidi, na kwamba theluthi mbili ya pesa ilikuwa ikiingia nyumbani, anazidisha 30,000 kwa miezi 12, kwa miaka 20, kisha anachukua theluthi mbili. Inakuja shilingi milioni 4.8. Kwa kijana asiyeoa ambaye alikuwa akiwatumia wazazi, mahakama kwa kawaida huchukua theluthi moja. Kwa mtoto mdogo hutoa kiasi cha jumla. Kwa gari, sheria ya bima ya wahusika wengine, Sura ya 405, inaibana kampuni ya bima isilipe zaidi ya milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi hapo anadaiwa mwenye gari mwenyewe. Ndiyo sababu jina la mwenye gari ni muhimu sawa na jina la bima yake.

Hapo mtu wa jua kali huuliza: payslip atatoa wapi? Mahakama ya Rufani ilishalijibu hilo mwaka 2005. Ilikataa kabisa wazo kwamba kazi ya mtu huthibitishwa kwa vyeti pekee na mapato yake kwa stakabadhi pekee, ikijua kuwa Wakenya wengi wanaishi bila hivyo. Ushahidi wa mke na wa wateja waliomjua unatosha ukiaminika. Lakini usije mikono mitupu. Taarifa ya M-Pesa ya miezi kadhaa, daftari la chama, risiti za vyuma kutoka duka la hardware, yote yana uzito. Bila chochote, hakimu huenda akashika kima cha chini cha mshahara cha serikali au atoe kiasi cha jumla anachoona kinafaa, na mara nyingi kiasi hicho kiko chini ya ukweli. Halafu mwaka 2013 mahakama hiyo hiyo ikasema ni makosa kumtarajia mfiwa awe anakusanya risiti wakati analia, kwa hiyo gharama za mazishi zinazoingia akilini zinaweza kulipwa hata bila risiti. Majaji wametuhurumia, nasi tusiizoee huruma hiyo. Kaunta buku la katibu lenye bei ya jeneza, ya gari la maiti na ya mochari ni ushahidi mzuri kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote. Msilitupe.

Muda ndio unaoua kesi nyingi kuliko hakimu yeyote. Dhidi ya mtu binafsi, kampuni au mwenye matatu, ni miaka 3 tangu kifo. Dhidi ya Serikali, ni miezi 12 tu, na hii watu wengi hawaijui hadi imepita: lori la idara fulani, gari la polisi, dereva wa wizara. Familia ya aliyekufa kazini nayo ina miezi 12 ya kupeleka dai lake, na nitairudia habari hiyo. Yupo anayesubiri kesi ya trafiki ya Makadara iishe kwanza, eti dereva ahukumiwe ndipo familia idai. Hakuna sheria inayosema hivyo. Dereva akitiwa hatiani inasaidia sana, kwa sababu hukumu hiyo ya jinai inakuwa ushahidi kortini. Lakini kesi ya trafiki inaahirishwa, shahidi hakuja, faili halionekani, hakimu amehamishwa, na miaka 3 inatembea. Hata dereva akiachiliwa, kesi ya madai inaweza kushinda, kwa maana kipimo chake ni chepesi: hakimu anaangalia tu upande upi una uzito zaidi.

Kitu kingine kinachokwamisha watu ni mamlaka ya kushtaki. Kwenda kortini kwa jina la marehemu bila hati ya usimamizi wa mirathi ni bure. Mahakama ya Rufani ilisema hivyo mwaka 1993 katika kesi iliyotoka Pwani, na tangu hapo kesi nyingi zimetupwa mlangoni kwa sababu hiyo hiyo. Lakini watu wakisikia "mirathi" wanaona miaka ya vita juu ya shamba, wanaacha. Si lazima mfike huko. Ipo hati yenye mipaka, ya kumruhusu mtu afungue kesi hiyo pekee, ambayo mawakili huiita ad litem. Haigawi shamba wala haigusi akaunti ya benki. Inahitaji cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi, na vitambulisho. Na chini ya Sura ya 32, kama hakuna msimamizi, au miezi 6 imepita naye hajafungua kesi, wategemezi wenyewe wanaweza kushtaki kwa ajili ya ule utegemezi. Kwa hiyo kaka anayekalia makaratasi hawezi kumzuia mjane milele.

Sasa nije kwenye faili yenyewe, maana hapa ndipo kamati ina mkono mrefu kuliko wakili.

Namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, ipatikane siku ya kwanza, na iandikwe jina la kituo, kwa sababu ajali ya Jogoo Road inaweza kuwa imeandikwa kituo ambacho hakuna aliyekidhania. Abstrakti ya polisi ifuatwe hadi itolewe. Ina namba ya gari, jina la mwenye gari na bima. Mtu mwenye simu nzuri atafute rekodi ya mamlaka ya usafiri, NTSA, ya mwenye gari kwa tarehe ile ya ajali, kwa sababu matatu huuzwa, hupakwa rangi nyingine na kupewa jina jipya, na ndani ya mwaka mmoja huwezi kuitambua hata ikikupita stage. Abiria waliokuwa ndani waandikwe majina na namba za simu kabla hawajatawanyika. Petroli stesheni au duka lenye kamera likiombwa picha leo huenda likazitoa. Likiombwa mwezi ujao litasema zimejifuta, na litakuwa linasema kweli.

Ripoti ya uchunguzi wa maiti ombeni nakala. Pale City Mortuary, ambayo siku hizi inaitwa Nairobi Funeral Home ingawa sijasikia mtu akiiita hivyo, familia husimama nje ikingoja mwili, mwili ukitoka wote wanaondoka nao na hakuna anayerudi kuuliza karatasi. Ndugu zetu Waislamu wa Pumwani na Majengo wana haraka nyingine: mtu akifa asubuhi, alasiri ameshaswaliwa na kupelekwa makaburi ya Kariokor, na wengi hawataki mwili upasuliwe. Hakuna wa kuwalaumu. Ila ombeni daktari aandike uchunguzi wa nje wa mwili, na muhifadhi karatasi za hospitali alikofikishwa, ili sababu ya kifo isiwe neno la shahidi tu.

Usiku wa pili au wa tatu huja mtu wa suti asiyejulikana na mtu. Anakaa nyuma, anachanga elfu moja au mbili, tena anataka jina lake lisomwe. Ana namba ya OB kabla familia haijaipata. Baada ya maombi anamvuta mjane kando: anajua wakili mkali sana, hakuna kulipa chochote, tukishinda tunagawana, mama wewe weka sahihi hapa na hapa, na nipe cheti cha kifo ile original. Huyo ni broka, nanyi mnawajua hata kwa sura. Sheria ya Mawakili inakataza kuwasakia mawakili wateja kwa namna hiyo, na mkataba wa wakili kulipwa pale tu kesi ikishinda ni batili hapa Kenya. Wakili halali anaandikwa kwenye orodha ya Chama cha Mawakili, LSK, na kuthibitisha kama ana leseni ya mwaka huu ni jambo la dakika chache. Asiye na pesa aende Kituo cha Sheria, au kwenye Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 2016. Cheti cha kifo apewe nakala, ya asili ibaki kwenye faili. Na mjane ajue mapema kwamba fungu la watoto wadogo kwa kawaida mahakama huagiza liwekwe benki hadi wafikishe miaka 18, ili asije akadanganywa kuwa "limeliwa na korti".

Mgeni wa pili anaogopesha zaidi kwa sababu ni mpole. Anatoka kwa mwenye gari au kwa sacco, ameleta bahasha ya kusaidia mazishi. Pokeeni. Rambirambi ni utu, na kuipokea hakufuti dai. Lakini bahasha ikija na karatasi ya kutia sahihi, isomeni maneno yote. Ikisema mmepokea "malipo kamili na ya mwisho", hakuna kutia sahihi, hata kama mochari inadai na basi linangoja. Mtu asiye na hati ya mirathi hana hata mamlaka ya kuikubali kwa niaba ya watoto, na karatasi kama hiyo inaweza kupingwa, lakini kuipinga ni kesi juu ya kesi. Afadhali kamati ichange tena usiku mmoja.

Kuhusu bima niseme kwa ufupi: kampuni za bima za matatu nazo hufa. United iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, na waliokuwa na hukumu mkononi wakabaki nayo. Hiyo ni sababu nyingine ya kumshtaki mwenye gari kwa jina lake, na ya kuharakisha.

Misiba mikubwa ina mtego wake. Sinai iliwaka tarehe 12 Septemba 2011 mafuta yalipovuja kutoka bomba, watu zaidi ya mia wakafa. Huruma, jengo la ghorofa liliporomoka usiku wa 29 Aprili 2016 mvua ikinyesha, likaua watu wapatao 50. Mradi, Embakasi, gesi ililipuka usiku wa tarehe 1 Februari 2024 kwenye eneo lililozungukwa na nyumba za watu, na NEMA, mamlaka ya mazingira, yenyewe ikakiri leseni ilitolewa isivyofaa na kuwasimamisha kazi baadhi ya maofisa wake. Kila mara wanasiasa walikuja, blanketi zikagawiwa, bili za hospitali na mochari zikaahidiwa. Familia nyingi zikaamini hiyo ndiyo fidia. Kulipiwa mochari si fidia. Katika misiba kama hii wa kudaiwa ni wengi kwa pamoja: mwenye jengo, mkandarasi, kampuni, ofisi iliyotoa kibali au iliyopiga chapa ya X ukutani kisha ikaenda zake. Na ofisi ya Serikali ikiwa mmojawapo, kumbukeni ile miezi 12. Kazi yenu hapo ni ndogo na hakuna mwingine atakayeifanya: ni nani aliishi chumba kipi. Huku kwetu hakuna mkataba wa kupanga, kuna caretaker na daftari lake. Daftari hilo lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa kabla mwenye nyumba hajalichukua.

Mjengo ni habari nyingine. Kijana akianguka kutoka ghorofa ya tano Pipeline au Tassia, dai halianzii kortini. Linakwenda kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, chini ya sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007, WIBA, na Mahakama ya Juu ilithibitisha utaratibu huo Desemba 2019. Faida yake kubwa ni kwamba hakuna haja ya kuthibitisha kosa la mwajiri. Akiwa amekufa akifanya kazi, wategemezi wanastahili mapato ya miezi 96. Aliyekuwa akipata 18,000 kwa mwezi, hiyo ni 1,728,000. Sasa mtaona kwa nini siku ya pili foreman huwa hamjui marehemu, na mkandarasi anasema huyo alikuwa mpita njia. Nendeni site hiyo hiyo jioni. Andikeni majina ya waliokuwa wakichanganya naye simiti. Fungueni simu ya marehemu mtafute ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya Jumamosi, una jina la aliyelipa. Ujumbe mmoja wa namna hiyo umeshinda mabishano marefu.

Na risasi. Usiku wa 30 Machi 2020, wakati wa kafyu, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko. IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, ilichunguza na ofisa wa polisi akashtakiwa kwa mauaji. Kesi hiyo ilisikika kote nchini, lakini Mathare, Kayole na Dandora zina majina mengi ambayo hayakusikika. Kesi ya jinai ni ya Serikali. Familia ina yake pembeni, ama ya madai ndani ya miezi 12, ama ombi la kikatiba juu ya haki ya kuishi iliyo kwenye Ibara ya 26, ambalo halikatwi na miezi hiyo ingawa halipaswi kucheleweshwa bila sababu. Sheria ya kuwa na ofisi huru ya kuchunguza vifo vya aina hii ilipitishwa mwaka 2017, kisha utekelezaji wake ukakwama, kwa hiyo anayefika kwanza kuchukua maganda ya risasi bado ni polisi mwenyewe. Vituo vya haki vya Mathare, Dandora na Kayole vimejifunza kuandika ushahidi katika mazingira hayo. Kamati ikipatwa na msiba huo iviite vituo hivyo kabla ya kuita mchungaji wa kuongoza ibada, na mchungaji asikasirike.

Najua mtasema kamati haina mtu wa kutunza faili hiyo. Kila mtaa unaye: mwalimu mstaafu, karani wa zamani wa reli, dada anayefanya kazi saiba na anajua kuskani. Si lazima awe wa ukoo, na ni afadhali asiwe. Kazi yake ni kukusanya, kupiga nakala mbili, na kuikabidhi faili kwa mjane au kwa mzazi mbele ya mashahidi wawili kabla basi halijaondoka kwenda ushago, na tarehe ya mwisho ya kushtaki iandikwe kwa maandishi makubwa juu ya jalada. Hela ya bahasha na nakala haifiki bei ya shada moja la maua.

Msiba wenu ujao wa ajali, risasi au mjengo, ajenda ya kwanza baada ya maombi iwe faili hiyo, kabla ya jeneza na kabla ya basi. Mkishaizoea, wekeni tarehe za mwisho za mafaili yote ya mtaa mahali pamoja, na mwenyekiti azisome katika kila mkutano, awepo marehemu mpya au asiwepo.

Wenu,
Katibu wa zamani wa kamati ya mazishi,
Jericho, Nairobi.